“Polaris” ya Emil Bessels: kitabu kizuri kilichoandikwa na mtuhumiwa

Bessels ametuhumiwa kumwua kwa sumu kiongozi wa msafara wake wa Aktiki, lakini anayekifungua kitabu hiki akitafuta ungamo la muuaji atakifunga mikono mitupu. Anayetaka kujua watu 14 waliishije majira ya baridi kwenye ufuko wa kaskazini-magharibi mwa Greenland, meli yao ikiwa imekwama, ndiye atakayefaidi.

Emil Bessels alizaliwa Heidelberg mwaka 1847, akasomea udaktari na elimu ya wanyama. Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alikuwa tayari kwenye bahari ya Spitsbergen, kaskazini mwa Norwe, akipima joto la maji ili kujua mkondo wa joto kutoka Atlantiki unafika wapi. Mwaka 1871 Wamarekani walimchukua awe daktari na mkuu wa wanasayansi wa meli Polaris iliyoelekea Ncha ya Kaskazini, kiongozi wa msafara akiwa Charles Francis Hall. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka Leipzig mwaka 1879, kwa Kijerumani. Ilibidi kusubiri hadi 2016 ndipo William Barr akakitafsiri chote kwa Kiingereza, na University of Calgary Press ikakichapisha. Kina kurasa zaidi ya 600, na PDF yake inapakuliwa bure kwa mchapishaji. Chukua hiyo PDF hata kama unapenda karatasi, maana utahitaji kutafuta majina. Ukilinganisha na maandishi mengine ya msafara huu, jaribu tahajia zaidi ya moja: nahodha ni Budington au Buddington, na Ebierbing, Mwinuit aliyekuwa kwenye msafara, ni huyohuyo Ipirvik, ambaye mabaharia walimwita Joe.

Uzito wa kitabu uko kwenye sayansi na watu. Bessels haachi mwamba, mmea wala ndege ampite, na vijiji vya Greenland walivyopitia wakielekea kaskazini amevieleza kuliko wenzake wote. Msomaji wa pwani atavutiwa zaidi na suala la maji kupwa na kujaa. Katika mlangobahari ulio kati ya Greenland na kisiwa cha Ellesmere, Bessels aliona kwamba maji hujaa yakitokea kaskazini, na kwamba yanakutana na yale ya Atlantiki karibu na rasi ya Frazer. Akahitimisha kuwa Greenland ni kisiwa, kwa sababu maji hayawezi kujaa kutoka upande uliozibwa na nchi kavu. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi. Anayetaka tarakimu zenyewe atafute juzuu la vipimo aliloandika Bessels, lililochapishwa Washington mwaka 1876.

Sehemu bora ni baridi ya pili. Usiku wa Oktoba 15, 1872 barafu iliibana meli, mizigo ikatupwa nje kwa pupa, kamba zikakatika. Watu 19 walibaki juu ya pande la barafu wakaelea nalo miezi sita, hadi meli ya wawinda sili, Tigress, ilipowaokoa Aprili 30, 1873. Bessels alikuwa miongoni mwa waliobaki melini. Kwa hiyo usimtegemee kwa habari za barafuni, kwani alizipata kwa kusikia tu. Huko wasikilize wenzake George Tyson na Hans Hendrik, waliokuwepo. Lakini kwa nyumba iliyojengwa kwa mbao za meli karibu na kijiji cha Etah, maisha pamoja na Wainughuit, wenyeji wa huko, mashua mbili zilizoundwa kutokana na mabaki, na safari ya kusini hadi kuokolewa na meli ya wawinda nyangumi, Ravenscraig, Juni 23, 1873, hakuna shahidi mwingine aliyechapisha simulizi kamili.

Kitabu kinalegea palepale ambapo kila msomaji anakodoa macho. Hall alirudi kutoka safari ya sleji Oktoba 24, 1871, akanywa kahawa, akaugua papo hapo. Bessels alisema ni kiharusi, akamchoma sindano za kwinini. Kuanzia Oktoba 29 hadi Novemba 4 Hall alimkataa, akidai anawekewa sumu, na hali yake ikapata nafuu. Akamkubali tena, Novemba 8 akafa. Tume ya jeshi la majini la Marekani iliyochunguza msafara iliafiki kiharusi.

Mwaka 1968 Chauncey Loomis, mwandishi wa wasifu wa Hall, alifukua kaburi lake. Kipimo cha ukucha kilionyesha sumu ya aseniki sehemu 24.6 kwa milioni kwenye ncha na 76.7 kwenye shina. Ukucha hukua kutoka shinani, hivyo sumu nyingi iliingia mwilini katika wiki mbili za mwisho. Hilo halitoshi kumtia Bessels hatiani: enzi zile aseniki ilikuwa pia dawa, na Hall angeweza kujitibu mwenyewe. Barr hakulikwepa jambo hili. Ameleta ushahidi wa barua kwa mchongaji sanamu Vinnie Ream, ambaye Hall na Bessels wote wawili walimfahamu na ambaye Bessels alimpenda. Kama sababu ya kuua, wivu una nguvu kuliko ugomvi wa madaraka ambao watu wamekuwa wakiutaja, ila barua ya mapenzi si chupa ya sumu.

Kwa hiyo anza na maelezo ya Barr, kisha ndipo umpe Bessels nafasi. Ukianza na Bessels, utulivu wake utakulaghai. Sura za Oktoba na Novemba 1871 zisome sambamba na ushahidi uliotolewa mbele ya tume, tarehe kwa tarehe. Huko ndiko utakapokutana pia na kisa cha nahodha kunyemelea spiriti ya kuhifadhia vielelezo ili ainywe, kinachoeleza nidhamu ya meli ile kuliko ripoti yoyote.

Usitarajie majibu zaidi kutoka kwenye nyaraka binafsi za Bessels. Nyumba yake karibu na Washington iliungua mwaka 1885, akarudi Ujerumani, akafia Stuttgart Machi 1888 akiwa na miaka 40.