Jumamosi nane katika darasa la uandishi wa kubuni

Nililipa shilingi 180,000 kwa kozi ya Jumamosi 8 iliyofanyika katika ukumbi mdogo wa ghorofani, Kariakoo, ambayo waandaaji wake walitangaza kwamba ingefundisha uandishi wa kubuni kama sanaa na kama taaluma. Sanaa niliipata. Hiyo taaluma ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii.

Asubuhi ilikuwa ya mezani: kila mshiriki alisoma kazi yake kwa sauti, na mwalimu, mshairi wa makamo asiye na haraka, akaipitia neno kwa neno. Jumamosi ya 3 dada mmoja alileta tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) kuhusu ardhi ya ukoo, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wake wa kwanza ukiwa “Yule mtu kauza shamba”. Alikuwa amepata mizani 8, yaani silabi 8, kwa sababu “mtu” aliihesabu kuwa moja. Mwalimu aligonga meza kwa kidole, silabi baada ya silabi, “m” ikapata pigo lake peke yake, tukafika 9. Hakusahihisha, alimuuliza ni neno gani hapo halina kazi. Baada ya kimya kirefu dada akaliondoa “mtu”, ukwapi ukawa “Yule kaliuza shamba”, mizani 8 kamili, na “yule” aliyebaki peke yake akabeba dharau ambayo awali haikuwapo. Shuleni nilikariri ukwapi na utao, nusu ya pili ya mshororo, kwa ajili ya mtihani, wala sikuwahi kuonyeshwa kwamba hesabu ya mizani inaweza kumbana mtunzi mpaka aseme anachokikusudia hasa.

Mchana aliingia mhadhiri mwingine na slaidi zake. Michana ya Jumamosi 2 ilikwenda kwa warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, na shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni ya Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, iliyoanza mwaka 1970. Ni historia inayofaa kujulikana, lakini mgogoro wetu wa kama shairi la Kiswahili lazima lifuate vina na mizani, uliopamba moto miaka ya 1970 mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974), diwani ya mashairi yasiyozifuata kanuni hizo, ulipewa dakika kumi, ilhali humo ndimo swali la kozi, la sanaa na taaluma, lilimokuwa: wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walikuwa na kanuni alizoziandika mshairi Amri Abedi mwaka 1954, na aliyezivunja alikuwa mtunzi na mwanazuoni kwa pamoja. Nilitarajia tuwekewe mezani beti za pande zote mbili, tuzigonge kwa kidole kama tulivyofanya asubuhi, ndipo tubishane.

Lililoniudhi zaidi ni mswada wangu. Tuliahidiwa maoni ya maandishi kwa hadithi fupi ya maneno 2,000, yangu ilirudi ikiwa na “Fani: nzuri. Maudhui: yanafaa. 72%”, na kurasa zote safi, hazina hata mkwaruzo wa kalamu. Nilipoisoma upya niligundua kuwa mhusika niliyemwita Mwanaidi ukurasa wa 2 nimemwita Mwanahawa ukurasa wa 5. Msomaji yeyote aliyefika huko angeliona hilo.

Atakayejiunga na awamu ijayo aulize kwanza ni nani atakayesoma mswada wake. Mimi ningerudi kwa ajili ya zile saa za asubuhi, na ningezilipia hizo tu kama waandaaji wangekubali.