Bakuli la Tabaka lililopasuka mbele ya wageni

Mwenye duka aliniambia, "Mama, hiyo ni ya kuangalia, si ya kutumia." Bakuli la matunda! Maneno hayo yamenikaa kifuani hadi leo.

Nililinunua Tabaka, kule Kisii, mwaka jana mvua zikianza. Bakuli pana la jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchonga, jekundu kwa nje, limekwaruzwa maua hadi weupe wa jiwe ukatokea. Lilikuwa zawadi ya shangazi yangu aliyekuwa anastaafu ualimu. Nilishuka nalo Nakuru nimelipakata kama mtoto, limefungwa magazeti na maganda makavu ya migomba. Siku ya sherehe tukapanga maembe, hata kumi hayakufika, na likaachana katikati mbele ya watu wote. Shangazi akasema si kitu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nilipotazama palipoachana nikaona jambo lililonikasirisha zaidi. Ufa ulikuwapo zamani. Umezibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi, halafu nta juu. Nikikwaruza kwa ukucha, unga unatoka. Huo si mkosi wa njiani, huo ni wizi. Nilipopiga simu ndipo nikajibiwa hayo ya kuangalia, na simu ikakatwa.

Nikaapa kwamba kitu cha Kisii hakiingii tena nyumbani kwangu.

Baadaye tulikuwa na matanga upande huo, nikabeba vile vipande viwili. Mwenye duka hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Nikazunguka nyuma, kwenye kibanda cha mabati, na hapo nikamkuta mzee mmoja mweupe vumbi mpaka kwenye nyusi, anachonga kwa panga fupi. Kando yake kina mama wanasugua vinyago kwa msasa ndani ya mabeseni ya maji, vidole vimekunjamana. Mzee alilitambua bakuli lake papo hapo. "Hili nilimwambia lina mshipa," akasema. "Nilimwambia aliuze kwa bei ya chini, na mnunuzi aelezwe."

Akanifundisha, na hili nawaomba mlishike. Ligonge jiwe kwa kifundo cha kidole: zima linalia, lenye ufa linatoa sauti ya kufa. Lilowesheni maji kisha mlitazame likikauka, maana ufa hubaki mstari mweusi wakati pengine pote pameshakauka. Na mpendelee lisilopakwa rangi. Lile la rangi ya maziwa, au la waridi lenye michirizi, halina pa kuficha kitu.

Nilikuwa nataka kuwaambia msikanyage Tabaka. Siwezi tena, si baada ya kuona jiwe linavyong'olewa shimoni kwa sururu na mtaimbo, watu wanalipandisha mabegani. Kazi ile ni safi na inastahili pesa yenu. Lakini nilipomuuliza mzee alilipwa ngapi kwa bakuli nililonunua shilingi 1,800, akasema 300. Mia tatu! Hasira ikanipanda upya, nikarudi dukani, na tukasemezana mpaka bodaboda wakasimama kutazama. Hakurudisha hata senti.

Kwa hiyo nendeni, ila mpite nyuma ya maduka, mkawatafute wachongaji wenyewe. Au tuseme wapo wenye maduka waaminifu, huenda wapo, mimi sikubahatika.

Nilimwachia mzee vile vipande. Tulipokuwa tunaondoka baada ya mazishi, alinipa viboko watatu wadogo aliowachonga humo, akakataa malipo. Nikanunua kwake bakuli jingine, jeupe. Nililigonga mara tatu, likalia. Shangazi analiwekea maembe hadi leo. Zile 1,800 bado ninazidai, na namba yangu mwenye duka anayo.