Kujiunga na muungano au kubaki nje: Ufini na Uswisi

Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, nchi mbili za Ulaya zilizokuwa nje ya miungano ya kijeshi zilifikia maamuzi yanayokinzana. Ufini, yenye mpaka wa takriban kilomita 1,340 na Urusi, iliacha msimamo wake wa miongo mingi na kujiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023, ilhali Uswisi, ambayo kutofungamana kwake na upande wowote kulitambuliwa na mataifa makubwa ya Ulaya mwaka 1815, ilibaki nje.

Manufaa ya Ufini yamo katika kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO, kinachohesabu shambulio dhidi ya mwanachama mmoja kuwa ni dhidi ya wote. Kwa upande mwingine, Ufini nayo sasa ina wajibu wa kuwatetea wenzake. Hata hivyo haikuingia mikono mitupu, kwani haikuwahi kufuta utumishi wa lazima jeshini, jambo ambalo wengi hulisahau.

Uswisi imehifadhi uhuru wake wa kuamua, ingawa uhuru huo ni finyu kuliko unavyosifiwa. Ilifuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi, ikalaumiwa na Moscow. Kisha ikaikatalia Ujerumani kuipelekea Ukraine risasi zilizotengenezwa Uswisi, ikalaumiwa na nchi za Magharibi. Kwa maoni yangu, msimamo huo unawezekana hasa kwa sababu Uswisi imezungukwa na majirani wasioitishia, hali ambayo Ufini haina.