Duka la bolti nyuma ya soko la Mwanga: pa kwenda ukitafuta vifungio vya ethi

Fundi umeme wa Kigoma aliyechoka kuuziwa skrubu za bati kila akiulizia bolti za ethi, yaani za kufungia waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, aende duka la vyuma lililo nyuma ya soko la Mwanga. Kibao chake kimeshafutika jina, ila utalijua kwa makopo ya maziwa ya unga yaliyopangwa mpaka karibu na dari, kila kopo na bolti zake. Mzee mwenye duka haanzi kukuuliza saizi. Ukishamwamkia anauliza, "Marahaba binti, leo unafunga nini?" Mwambie ukweli, maana jibu lako ndilo linaloamua atashusha kopo gani.

Safari hii nilikuwa na friza za samaki kule Kibirizi, zinazompiga shoti mwenye biashara kila akishika mlango na mikono imelowa. Rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma, ilikuwa nzima, imezama kwenye udongo wenye unyevunyevu, na waya ulikuwa mzima. Ubovu ulikuwa pale waya wa kijani na njano unapokutana na bodi ya friza, yaani ganda lake la bati: skrubu ya bati, imebanwa juu ya rangi, imeng'ata bati kwa thredi moja tu, yaani mzunguko mmoja wa meno yake. Kompresa ikiwaka bodi inatetemeka, na skrubu inalegea kidogo kidogo. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, zinakubali skrubu ya mashine kwenye ethi endapo imeshika thredi zisizopungua mbili au imefungwa kwa nati. Huku kwetu hatufungi kwa NEC, lakini bati ni bati popote, na bati jembamba halina unene wa kushika thredi mbili. Dawa yake ni kutoboa tundu, kupitisha bolti na kufunga nati upande wa pili.

Nilitaka M6 (unene wa milimita 6) za kwenye bodi na M8 (milimita 8) za kwenye baa ya shaba ambapo waya zote za ethi zinakutana. Pale dukani omba kwa saizi ya spana inayoshika kichwa: ya 10 kwa M6 na ya 13 kwa M8. Halafu kaa macho, kwa sababu hapa ndipo duka lenyewe lina kasoro. Kopo la "ya 13" limechanganya M8 na bolti za inchi, zile za 5/16. Kichwa cha 5/16 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia bila wasiwasi. Unene nao ni karibu ule ule, milimita 7.94 kwa 8. Kinachotofautiana ni thredi: M8 ina hatua, yaani nafasi toka thredi moja hadi nyingine, ya milimita 1.25, ya inchi ina thredi 18 kwa inchi moja, sawa na milimita 1.41. Nati ya M8 itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye bolti ya inchi, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka atafurahi kwamba imebana. Haijabana, imeua thredi, na lagi, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya, bado inacheza chini yake.

Ninalompendea mzee ni kwamba anakuruhusu kupima palepale kaunta. Unapeleka nati kwa vidole mpaka mwisho wa bolti. Ikigoma, unairudisha koponi na hakuna anayekununia. Duka moja la barabara kuu, ambalo silitaji, ukigusa bidhaa umeshanunua.

Jambo la pili ni sumaku. Ipo moja imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kaunta, na ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila duka la vifaa vya umeme liwe nayo. Zile bolti za manjano zinazometa, ambazo wauzaji wengi wanaziita brasi, mara nyingi ni chuma kilichopakwa zinki ya rangi ya dhahabu. Sumaku inazidaka mara moja. Brasi ya kweli haidakwi. Tofauti si ya urembo: zinki ikikaa na shaba mahali penye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa, ikiisha chuma kinaanza kutu, na kutu haipitishi umeme. Pembeni ya ziwa, na maji ya barafu ya samaki yakichuruzika mchana kutwa, sitegemei hiyo kitu.

Nilichukua brasi kwa ajili ya baa, na stenlesi yenye A2 kichwani kwa ajili ya bodi za friza. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia A4, stenlesi inayohimili chumvi zaidi. Ila stenlesi kwa stenlesi ina tabia ya kung'atana wakati wa kukaza. Paka grisi kidogo kwenye thredi, kaza taratibu. Brasi nayo ni laini, ukining'inia kwenye spana utaikata.

Binti wa mzee, anayeshika duka mchana, alinifungia washa za kawaida akisema niziweke pande zote mbili za lagi. Hapo nilimkatalia, na nikamweleza. Lagi ikae uso kwa uso na baa, bila kitu katikati, kwa sababu umeme unapita kwenye nyuso hizo mbili. Kazi ya bolti ni kubana tu. Ndiyo maana stenlesi inafaa japo haipitishi umeme vizuri. Washa bapa na ya springi zinakaa chini ya nati. Kwenye bodi ya friza nakwangua rangi kwa msasa mpaka bati liwe jeupe, naongeza washa ya meno, nafunga, halafu napaka rangi juu ya kiungo kizima kuzuia kutu.

Bei: brasi ya 13 na nati yake shilingi 2,000, stenlesi ya 10 shilingi 800, washa ya meno 200. Si rahisi ukilinganisha na skrubu ya bati, lakini wanauza mojamoja, hulazimishwi pakiti. Klampu za rodi msinunue pale, ni nyepesi na skrubu yake ni ya chuma kitupu. Brasi ya spana ya 17 hawana. Mzee anaagiza Mwanza, unaacha nusu ya hela na namba ya simu. Ijumaa wanafunga kuanzia adhuhuri mpaka watu watoke msikitini.