Makita DHP482 kwa kazi za nyumbani: inafaa wapi, inakwama wapi

Wawili wanaoanza kupanga nyumba yao wakituuliza wanunue chombo gani cha umeme kwanza, jibu letu ni drili ya betri yenye nyundo. Kwa daraja hilo, Makita DHP482 ya volti 18 ni chaguo zuri sana. Inafunga fanicha, inatoboa mbao na chuma chembamba, inatundika rafu na fimbo za pazia kwenye kuta nyingi. Kitu kimoja haikiwezi vizuri, nacho ni zege gumu. Wanaoinunua wakitarajia itoboe zege siku nzima ndio wanaoishia kuilaumu.

Tuanze na namba za kwenye boksi, kwa sababu mbili kati yake hupotosha. Makita wanaandika nguvu ya kusokota kuwa nyutonimita 62, kisha 36. Ya kwanza hupimwa pale mzunguko unapokoma ghafla, kama boliti inapogonga chuma. Ya pili hupimwa pale ukinzani unapopanda polepole, kama skrubu ndefu inapozama kwenye mbao. Kazi nyingi za nyumbani ni za aina ya pili, kwa hiyo ukilinganisha drili mbili dukani, linganisha ile namba ndogo. Na 36 inatosha na kubaki: skrubu ya milimita 5 kwa 80 inaingia kwenye mbao laini bila drili kulalamika.

Ina gia mbili. Gia ya 1 inafika mizunguko 600 kwa dakika, gia ya 2 inafika 1900. Ya kwanza ni ya skrubu na matundu mapana, ya pili ni ya matundu membamba na ya ukutani. Usibadilishe gia drili ikiwa inazunguka, meno yatasagana. Taya zinashika biti kuanzia milimita 1.5 hadi 13 na zinakazwa kwa mkono bila ufunguo. Biti nyembamba hupenda kubanwa na taya mbili badala ya tatu, na hapo ikizunguka inayumba na tundu linatoka pana. Ukishaikaza, izungushe polepole ukitazama ncha. Ikichora duara, fungua uirudishe katikati.

Sehemu ambayo watu wengi huipuuza ni klachi, ile pete yenye namba nyuma ya taya, na ndiyo inayoamua kama kabati jipya litadumu. Namba ikiwa ndogo, drili inaachia mapema na kutoa mlio wa ta-ta-ta mara skrubu inapokaza. Namba ikiwa kubwa, inaendelea kusukuma. Chipbodi, ambayo ndiyo fanicha nyingi za kujifungia zinatengenezwa nayo, ni punje za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikizidi kuzungushwa baada ya kufika mwisho, inasaga punje zilizoizunguka na haishiki tena. Anza na namba ya 3, ukiona kichwa cha skrubu kimebaki juu panda moja moja mpaka kilale sawa na ubao. Mara nyingi utaishia kati ya 4 na 7. Ukiona mtu anafunga kabati pete ikiwa kwenye alama ya kutobolea, msimamishe, maana hapo klachi haifanyi kazi kabisa.

Tundu la chipbodi likishalegea, jaza vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke usiku mzima, kata vilivyojitokeza, toboa upya kwa biti ya milimita 2 kisha rudisha skrubu. Skrubu nene zaidi hutatua kwa muda tu, na mara nyingi hupasua ukingo wa ubao.

Baadhi ya viungo visiguswe na drili hata kwenye namba ya 1. Zile kufuli za duara zinazogeuzwa nusu mzunguko ili kubana ubao hufungwa kwa bisibisi ya mkono, kwa sababu zinavunjika mara moja. Vilevile kitanda cha mtoto mchanga. Boliti zake zikazwe kwa ufunguo wa pembe sita unaokuja nacho, mmoja ameshika upande wa pili usiyumbe, na zikaguliwe tena baada ya wiki chache, kisha kila mara. Mbao hujikunja kidogo kadiri hewa inavyobadilika, na mtoto akianza kusimama na kurukaruka boliti hulegea zenyewe.

Kuhusu biti za skrubu, msalaba mmoja si sawa na mwingine. Skrubu nyingi za fanicha za kujifungia ni za aina ya PZ2, na utazitambua kwa mistari minne midogo iliyochorwa katikati ya mikono ya msalaba. Biti ya PH2, ile ya msalaba mtupu usio na mistari hiyo, inaingia humo na inaonekana imekaa, lakini inagusa sehemu ndogo tu. Ukiongeza nguvu inaruka na kula kichwa. Nunueni biti tatu au nne za PZ2 za chuma kizuri. Ni kitu kidogo, lakini kinabadilisha kazi nzima.

Sasa ukutani, ambako drili hii inapendwa na inalaumiwa kwa kiwango kilekile.

Rafu ya ukutani haishikwi na skrubu peke yake. Inashikwa na roplagi, kile kijibomba cha plastiki kinachotanuka skrubu inapoingia. Umbo tulilolizoea leo lilibuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, na kanuni haijabadilika: tundu liwe na kipenyo sawa na cha roplagi na lizidi urefu wake. Roplagi ya kawaida ya milimita 6 ina urefu wa milimita 30, inataka tundu la kina cha 40 na skrubu ya unene wa 4 hadi 5. Ya milimita 8 ina urefu wa 40, inataka kina cha 55 hivi na skrubu ya 4.5 hadi 6. Rafu ya vitabu ipewe ya 8. Picha na saa zinatosheka na ya 6.

Plasta haihesabiki. Ile tabaka ya juu, mara nyingi sentimita moja hadi mbili, ni laini na hupukutika. Roplagi ikikaa ndani ya plasta tu, rafu itasimama vizuri ikiwa tupu kisha itang'oka vitabu vikipangwa. Kwa hiyo sukuma roplagi mpaka izame kwenye tofali lenyewe, na urefu wa skrubu ujumlishe urefu wa roplagi, unene wa plasta, unene wa kile unachokifunga, na milimita chache za kuzidi.

Kabla ya kutoboa, angalieni swichi na soketi zilipo. Nyaya kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka hapo, au huenda mlalo, kwa hiyo msitoboe juu, chini wala pembeni mwa swichi au soketi kwenye mistari hiyo. Bafuni na jikoni fikirieni mabomba kwa namna hiyohiyo. Kifaa cha kugundua nyaya na mabomba ni msaada mzuri, ila kisiwe kisingizio cha kutoboa juu ya soketi.

Weka alama kwa penseli na pimamaji. Zungushia biti tepu pale kina kinapoishia. Anza bila nyundo, polepole, mpaka ncha ichimbe kishimo na isiteleze. Kisha geuza pete kwenye alama ya nyundo, gia ya 2, ukisukuma kwa uzito wa mwili badala ya mkono. Kila baada ya sentimita moja vuta biti nje ikiwa bado inazunguka ili itoe vumbi. Vumbi lililobaki ndani ndilo linalozuia roplagi kufika mwisho, na watu huigonga roplagi kwa nyundo mpaka ikapinda. Hapa ndipo wawili wanapofanya kazi nzuri kuliko mmoja: mmoja anatoboa, mwingine anashika mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi chini ya tundu na kuangalia kutoka pembeni kama drili imenyooka. Aliyeshika drili hawezi kuliona hilo vizuri.

Si kila ukuta unataka nyundo. Tofali lenye matundu ndani hupasuka kuta zake nyembamba ukiligonga, na tundu la milimita 8 linakuwa pango. Toboa kwa kuzungusha tu. Kigae nacho kitobolewe bila nyundo mpaka biti itokee upande wa pili, na tepu ya karatasi ibandikwe juu ili ncha isiteleze. Vigae vigumu vya posilini vinahitaji biti ya almasi na maji kidogo, mwendo wa taratibu. Ukuta wa jipsamu haushiki roplagi ya kawaida kabisa. Tumia zile za chuma zinazofunguka nyuma ya ubao, au tafuta nguzo ya ndani.

Halafu zege. Nyundo ya DHP482 ni diski mbili zenye meno zinazopandiana, hadi mapigo 28,500 kwa dakika, mengi lakini mepesi. Kwenye tofali na saruji ya kawaida yanatosha. Kwenye zege lenye kokoto biti inazunguka, inapata moto na kuimba tu. Drili za aina ya SDS-plus zina pistoni ya hewa inayopiga mapigo machache yenye uzito, na kwa zege zinaacha hii mbali sana. Na zege liko mahali ambapo kila nyumba mpya inatobolewa: linta juu ya dirisha, panapofungwa fimbo ya pazia. Ukitoboa pembeni mwa dirisha kunaingia, ukisogea juu kunagoma, sababu ni hiyo. Azimeni au kodini drili ya SDS-plus kwa saa chache na mtoboe madirisha yote kwa mkupuo. Njia nyingine ni kufunga ubao mmoja mrefu ukutani, skrubu zake ziishie kwenye tofali nje ya linta, kisha breketi za pazia zifungwe kwenye ubao.

Kwa mbao inapendeza. Tundu la bawaba ya kabati la jikoni, kipenyo cha milimita 35 na kina cha 12 hadi 13, inalichimba vizuri kwenye gia ya 1. Angalieni tu unene wa mlango: ubao wa milimita 16 unabakiza kidogo sana, na ncha ya katikati ya biti inaweza kutokeza mbele. Biti zote pana namna hii zinaweza kukwama ghafla, na hapo drili nzima inazunguka mkononi. Nguvu hiyo inateguza kifundo cha mkono. Funga mpini wa pembeni kila unapozidi milimita 10, hata kama unaona usumbufu.

Betri kwa ufupi. Herufi Z mwishoni mwa namba, yaani DHP482Z, ina maana inauzwa bila betri wala chaja, na wengi hugundua wakishafika nyumbani. Inatumia betri za mfumo wa LXT, yaani zile za Makita za volti 18. Betri mbili za 3.0 Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba) ni bora kuliko moja ya 5.0, kwa kuwa moja inachajiwa nyingine ikiwa kazini. Chaja ya DC18RC inaijaza ya 3.0 kwa dakika 22 hivi. Msizihifadhi zikiwa zimekwisha kabisa wala karibu na jiko. Mota yake ni ya brashi za kaboni, hivyo mwili ni mrefu kidogo kuliko wa drili zisizo na brashi, na ndani ya kabati jembamba utausikia urefu huo. Kwa matumizi ya nyumbani brashi hizo zitachukua miaka mingi kuisha.

Kazi yake ya kwanza kabisa, kama mtoto yupo au anatarajiwa, iwe kufunga kabati la droo na rafu ndefu ukutani kwa breketi au mkanda wake, hata kabla ya picha na mapazia. Mtoto hupanda droo zilizofunguliwa kama ngazi na kabati zima linamwangukia. Skrubu moja iingie kwenye ukuta imara kwa roplagi ya 8, nyingine kwenye mbao ngumu ya kabati, wala si kwenye ubao mwembamba wa nyuma. Na drili yenyewe ikiwekwa chini hata kwa dakika moja, kitufe cha kugeuza mzunguko kisukumwe katikati ili swichi isibonyezeke. Ikirudi kabatini, betri itolewe.