Uzoefu wangu na GParted: nimeongeza C kwa GB 100 bila kupiga windo upya

C yangu, ile sehemu ya diski yenye Windows, ilikuwa imebakiza GB 1.8, kale kamstari kekundu nikifungua tu napishana nako, na hapohapo pembeni D, sehemu ya pili ya diski hiyohiyo, imekaa ina zaidi ya GB 220 hazina kazi yoyote. Mi nina steshenari Sinza, mchana nachapa na kuprinti kazi za wanachuo, jioni naediti video za kicheni pati na sendofu, sasa ile programu ya kuediti inamwaga mafaili yake ya muda kwenye C, nikianza tu kutoa video inafika katikati inagoma inasema diski imejaa. Apdeti ya Windows nayo haiingii. Nimefuta vitu mpaka hakuna cha kufuta, nimehamisha Downloads yote kwenda D, wiki moja tu imejaa tena.

Nikampelekea fundi. Akaiangalia dakika mbili akaniambia dada hapa dawa ni kupiga windo upya, elfu thelathini, uache mashine kesho jioni uje uchukue. Nikamuuliza na programu zangu je, akasema utaweka tena. Kusema kweli iliniuma, maana kuziweka upya zile programu, fonti zote za kadi, printa tatu na mipangilio yake, kwangu hiyo ni siku mbili bila kazi. Nikachukua mashine yangu nikarudi nayo.

Tatizo lenyewe lilivyokuwa. SSD yangu ni ya GB 500, Windows inaisoma kama 465 (hujaibiwa, wa kiwandani wanahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024). Laptopu ni ya mtumba nimenunua Kariakoo, aliyepiga windo mwanzo aliandika 100000 kwenye kisanduku cha ukubwa basi C ikatoka 97.66. Ukikuta namba hiyo kwenye mashine yako ujue ndo ilivyotokea. Zilizobaki zote akaipa D, kama 367 hivi. Na katikati ya C na D kuna kale kapatisheni (patisheni ni kipande cha diski, kama C au D) ka Recovery, ka kuokoa Windows ikiharibika, ka kama nusu GB ambako ukifungua This PC hukaoni kabisa.

Kwanza nilijaribu kwa kitu cha Windows chenyewe, Disk Management. Nikaipunguza D vizuri tu, nafasi ikatoka, nikarudi kwa C nibonyeze Extend Volume, imefifia haibonyezeki. Nikakaa nayo karibu saa nzima. Kumbe ile Disk Management inaongeza patisheni pale tu nafasi tupu inapokuwa imegusana nayo upande wa kulia, na ukipunguza D nafasi inatokea mwisho kabisa, nyuma ya D. Yaani C yuko huku, kisha Recovery, kisha D, halafu ndo nafasi. Na Disk Management haina uwezo wa kusogeza patisheni, inapunguza na kuongeza mwisho tu. Nikairudisha D kama ilivyokuwa.

Baadae nikashusha programu moja ya bure ya ndani ya Windows, nayo inaonyesha vizuri sana, unavuta, unapanga, kila kitu kinakubali, unakuja kubonyeza utekeleze ndo inakutolea ukurasa wa kulipia kwa dola. Sipingi mtu kuuza kazi yake ila wangesema mwanzoni, bando langu limeisha na usiku wangu umeisha.

Ndo nikaja GParted. Hii ni ya bure kabisa, ipo tangu 2004, chanzo chake kiko wazi, haikuombi hata imeili. Kuna inayoitwa GParted Live, unashusha faili moja la ISO (faili lenye mfumo mzima ndani) halifiki GB moja, unalichoma kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta, halafu unawasha kompyuta kwa flashi badala ya Windows. Hiyo ndo siri yake, kwa sababu Windows inakuwa haijawaka kabisa hakuna faili hata moja lililoshikwa, C unaichezea kama diski nyingine yoyote.

Sasa kabla hujaanza, naomba hapa unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu hapa ndo watu wanapoteza picha za harusi yao.

Bakapu kwanza. Mi nilikopi D yote kwenye hadi diski ya nje, ilikuwa kama GB 140, nikaichomoa nikaiweka kabatini, isiwe hata imechomekwa maana ndani ya GParted diski zote zinaonekana na unaweza kukosea ukachagua siyo. Halafu zima ile tabia ya Windows ya kulala (hibernate): fungua Command Prompt kwa kubofya kulia uchague Run as administrator, andika powercfg /h off. Windows 10 na 11 ukizima kawaida haizimi kabisa, inaacha mambo yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na GParted ikikuta NTFS (mfumo ambao Windows inapangia mafaili kwenye patisheni) iko hivo inakataa kuigusa, inaweka alama ya tahadhari. Na ni sawa ikatae. Kisha andika chkdsk C: /f, hiyo inakagua makosa ya diski, inakuambia itafanya ukiwasha tena, kubali. Kama una BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha data ya diski, izime usubiri imalize kufungua diski yote, GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa. Na kwa sababu ya kale ka Recovery niliandika reagentc /disable, hii inarudisha faili lake ndani ya C kwa muda ili baadae ulirudishe.

La pili ni umeme. Betri ya laptopu yangu inakaa dakika 25 tu, imechoka. Kwa hiyo nikaenda kwa kaka wa duka la jirani nikamuomba UPS yake (kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) kwa usiku mmoja, akanipa bila maneno, Mungu ambariki.

Nikaanza saa tatu usiku baada ya kufunga. Mashine yangu menyu ya kuchagua flashi ni F9, nyingine ni F12, inategemea. Inakuja menyu, unachagua ya kwanza, inakuuliza kibodi, unagonga enta, inakuuliza lugha, enta, enta tena, dirisha linafunguka. Sura yake ni ya zamani kidogo lakini inasomeka. Hapa hakuna kuandikwa C wala D, diski inaitwa nvme0n1 na patisheni zina p1, p2, p3, kwa hiyo unazijua kwa ukubwa wake, ndo maana nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kabla. Kila patisheni ni kisanduku, sehemu iliyojaa ina rangi ya njano hafifu na iliyo tupu nyeupe. Kisanduku cha C kilikuwa njano tupu mwanzo mwisho.

Nikabofya D, Resize/Move, nikavuta mshale wa kushoto kwenda kulia mpaka nafasi ya mbele yake ikasoma kama 102400, yaani GB 100. Ikanitolea onyo kwamba kusogeza patisheni kunaweza kufanya mfumo usiwake. Onyo hilo lipo kwa kila mtu anayesogeza mwanzo wa patisheni, ila D yangu haina Windows ndani nikaendelea. Kisha Recovery nikaisogeza kulia ikagusane na D, kisha C nikaivuta ikameza nafasi yote. Kinachonipa amani na hii programu ni kwamba mpaka hapo haijagusa kitu, kazi zote tatu zimepangwa foleni chini ya dirisha, unazisoma, ukiona umekosea unafuta. Nilizisoma mara tatu. Ndo nikabonyeza ile tiki ya kijani.

Ukishabonyeza hakuna kurudi nyuma, na usiiguse mashine. Kupunguza kulichukua muda mfupi, kilichochukua muda ni kusogeza D, kwa sababu inabeba GB 267 zote inazipeleka mbele, hata zile tupu. Unaona GiB ngapi zimekopiwa kati ya ngapi na muda uliobaki. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai naangalia zile namba zikipanda 150, 151, 152, mara pap, giza. Mtaa mzima. Ile UPS ikaanza kulia pii, pii, feni ikawa inapunguza mwendo taratibu, na skrini ya laptopu inaendelea, 153. Nilisali pale nilipokaa. Ukikatikiwa na umeme wakati inasogeza data inabaki nusu kwenye nafasi ya zamani nusu kwenye nafasi mpya, na jedwali la patisheni halijui ukweli ni upi, kuirudisha ni kazi ngumu na mara nyingi hairudi yote. Umeme ulirudi baada ya kama dakika ishirini, UPS bado inalia. D yote ilimaliza kwa saa moja na dakika kumi. Recovery na C hazikufika dakika tano zote mbili.

Nikawasha Windows, ikaanza yenyewe kukagua diski, usiikatishe hapo, GParted inaiacha imeweka alama makusudi ikaguliwe. Ikawaka. C 197.66, buluu. Nikaandika reagentc /enable, ikarudi, nikahakikisha kwa reagentc /info. Fonti zangu zipo, printa zangu zipo, apdeti ikaingia usiku uleule, na kesho yake nikatoa video ya sendofu ya saa mbili na nusu bila kugoma hata mara moja.

Mapungufu yapo. Tachipadi ilikuwa inasumbua nikatumia mausi ya waya. Maelezo yake ni ya kiufundi, mtu asiyejua NTFS ni nini atachanganyikiwa. Na kwa hadi diski ya zamani ya kuzunguka muda unaongezeka sana, nilifanya ya kompyuta ya mezani ya steshenari wiki iliyofuata, nimeanza jioni imemaliza naamka swala ya alfajiri.

Ila kwa mwenye D yenye vitu vichache, njia fupi zaidi ni hii, na ningeijua mapema ningeifuata: kopi vitu vya D kwenye hadi diski ya nje, hakikisha vinafunguka kule, halafu kwenye GParted ifute D, sogeza Recovery, ongeza C, tengeneza D mpya kwenye nafasi iliyobaki. Hakuna GB 267 za kubeba, dakika chache imeisha, kisha unarudisha mafaili yako. UPS azima hata hivyo.