Fountain kwa filamu fupi ya kutisha: nyepesi na ya bure, ila Kiswahili kinadai alama zake

Fountain ni kanuni za kuandika mswada wa filamu kwa maandishi ya kawaida. Zilitolewa mwaka 2012 na John August, Stu Maschwitz na Nima Yousefi. Unaandika popote, hata kwenye simu, kisha programu inayozifahamu kanuni hizo inakupangia kurasa. Kwenye macOS kuna Beat, ambayo ni ya bure. Kwenye Windows au Linux, faili lile lile hufunguka kwa Fade In. Kwa filamu ya kurasa tano, waigizaji wawili na chumba kimoja, hakuna sababu ya kuhangaika na kitu kizito zaidi.

Tatizo la kwanza humkuta kila anayeandika kwa Kiswahili. Fountain hutambua kichwa cha onyesho kikianza na INT au EXT. Ukiandika NDANI au NJE, mstari unahesabiwa kuwa maelezo tu, na orodha ya maonyesho inabaki tupu. Dawa yake ni nukta moja mwanzoni mwa mstari:

.NDANI. CHUMBA CHA KULALA - USIKU

Simu imesimamishwa mezani. Video inaonyesha kiti kitupu.

MNYONYA DAMU (SAUTI)
Bonyeza tu. Mlango utafunguka.

Tatizo la pili ni la waandishi wa kutisha hasa, kwa kuwa tunapenda herufi kubwa. Mstari wa herufi kubwa wenye mstari mtupu juu yake, na maandishi yanayoufuata moja kwa moja chini yake, husomwa kama jina la mhusika. Ukiandika GIZA. na kuendelea mstari unaofuata, Giza anageuka mwigizaji, na maelezo yako yanakuwa maneno yake. Acha mstari mtupu baada yake, au anza na alama ya mshangao: !GIZA. Maelekezo ya kukata kwenda onyesho jingine nayo yaanzie na alama ya >, yaani > KATA:

Ukishazizoea alama hizo, utaona jinsi Fountain inavyofaa kazi ya kumleta zimwi wa kale katika zama hizi. Alama ya = huandika muhtasari usiochapishwa. Weka hapo sheria ya zimwi, chini ya kila kichwa cha onyesho: = Haingii bila kukaribishwa. Sheria hiyo imo katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 kuhusu mnyonya damu, pamoja na ile ya kutoonekana kwenye kioo. Usiziguse, badilisha vifaa tu. Mwaliko unakuwa kitufe cha kufungulia mlango kwa simu, na kioo kinakuwa kamera ya mazungumzo ya video. Kiti kitupu hakihitaji vipodozi wala meno ya bandia, na mtazamaji anayeijua sheria atatetemeka kuliko angeonyeshwa uso. Onyesho ambalo muhtasari wake haugusi sheria yoyote, liondoe.

Kuondoa ndiko Fountain inakong'ara. Chochote kilicho kati ya /* na */ hakichapishwi, ila kinabaki kwenye faili. Rasimu ya kwanza karibu kila mara humwonyesha zimwi mapema mno. Funika mwonekano huo kwa alama hizo, chapisha, soma tena. Ikiwa hadithi bado inaeleweka, umeokoa gharama ya kinyago na saa za kumpamba mwigizaji. Mahitaji ya kila onyesho, kama damu, taa au nguo za akiba, yaandike kama noti, yaani maelezo ya pembeni, ndani ya [[ ]]. Angalizo: noti yenye mstari mtupu katikati hukatika, isipokuwa mstari huo uwe na nafasi mbili.

Zimwi akionekana hata mara moja, mwelezee mwenyewe. Riwaya ya Frankenstein ya mwaka 1818 ni huru kwa yeyote, lakini kichwa bapa na vyuma vya shingoni vilitokana na filamu ya Universal ya mwaka 1931. Ukiandika jina tu, mpamba sura atakuletea uso huo.

Kuna mapungufu. Kanuni zenyewe hazina alama ya kuonyesha marekebisho, hivyo timu kubwa inayobadilisha kurasa wakati wa kupiga picha itasumbuka. Mazungumzo ya wawili kwa pamoja yapo, kwa kuweka ^ baada ya jina la pili, na yanamfaa sana mtu aliyepagawa mwenye sauti mbili; yajaribu kwanza kwenye programu yako, maana si zote huyapanga vizuri.

Urefu nao hudanganya. Makadirio ya ukurasa mmoja kwa dakika moja hayasimami pale mtu anapotembea kimya kwenye ukumbi: mistari mitatu inaweza kumeza dakika nzima. Kipe kila kitendo kinachohitaji picha yake aya yake. Mkono kwenye kitasa, aya. Kivuli chini ya mlango, aya. Kurasa zitaongezeka, na ratiba ya kupiga picha itakuwa ya kweli zaidi.